Alhamisi za Maziwa na Fidla

Habaryar Dahabo amesusa maziwa. Nilipopewa habari hiyo kwa simu nilidhani nimesikia vibaya, maana mama mdogo wangu huyu ameuza maziwa ya ngamia hapa Garissa kwa zaidi ya miaka arobaini, na sijawahi kumwona akimaliza siku bila kikombe. Lakini ni kweli. Homa iliyompata mwanzoni mwa mwaka ilimwachia uhai ikaondoka na pua. Hasikii harufu ya udi, hasikii kitunguu kikiungua jikoni, na maziwa, anasema, yamekuwa maji meupe. Nilikwenda mtaani kwake, Galbet, kumwona, nikamkuta kwenye mkeka wake wa siku zote akinywa chai ya rangi kwa uso wa mtu anayemeza dawa. "Maziwa ni moshi," aliniambia. "Kama moshi hakuna, wacha ndama akunywe." Nilibishana naye nusu saa nzima, nikimweleza faida za maziwa kwa mifupa, kwa damu na kwa usingizi, naye akanisikiliza kwa heshima zote kisha akaomba aongezewe chai. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na kwa kweli nilikuwa nimeogopa.

Wiki hiyo hiyo binti yangu Ifrah, anayesoma Nairobi, alinitumia video fupi kwenye simu. Watu waliovaa vizuri wameketi kwenye chumba cha hoteli, mbele yao glasi ndogo ndogo za mvinyo, na pembeni kuna vijana wanne wenye fidla kubwa na ndogo. Wanapiga, watu wanaonja, wanatikisa vichwa, wanapiga tena. Ifrah aliandika chini yake: "Hooyo, ona watu wa Nairobi wamegundua kitu kipya." Nilicheka hadi mume wangu akatoka bafuni kuuliza kuna nini. Mimi situmii mvinyo na sitautumia, inshallah, lakini kile kitendo cha kukaa kimya, kuweka kitu mdomoni na kuusubiri wimbo ukufikie, tulikifanya sebuleni kwa Habaryar nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, mwaka mzima. Nikamwandikia Ifrah kwamba wamechelewa. Kisha nikapiga simu mbili, moja Elwak na moja Wajir, kuwaita wazee wawili ambao sikuwa nimekaa nao chumba kimoja tangu nikiwa msichana.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari na barua ya chuo cha ualimu ilisema nafasi yangu ni ya mwaka unaofuata. Nilitakiwa kuungojea mwaka huo Rhamu, kwetu, kwenye mashamba ya vitunguu kando ya mto Daua. Habaryar akasema atanichukua nimsaidie kazi yake, na kama kazi ya Garissa ingekwisha, ningepanda gari nirudi kwenye vitunguu. Nilikuja na sanduku moja na fidla. Fidla hiyo niliachiwa na mwalimu wetu wa muziki alipohamishwa. Nilijua kuipiga kiasi cha kuwafukuza paka, na niliificha chini ya kitanda kwa sababu sikujua Galbet watasemaje wakimwona msichana ameegemeza mbao shingoni. Nyumba ya Habaryar ilikuwa na vyumba vitatu na ua wa kufukizia vyombo. Sebule ndiyo ninayoikumbuka zaidi: mikeka miwili mipana, mito ya kuegemea yenye maua mekundu, dirisha la mbao linalotazama mashariki ili jua la alasiri lisituchome, na kwenye ukuta wa nyuma, juu ya misumari, vyombo vya maziwa vimening'inia kwa mikanda yao ya ngozi. Chombo hicho tunakiita dhiil. Mpaka leo nikiingia chumba kisicho na harufu ya moshi naona kama kimesahaulika kitu.

Kazi yangu ilikuwa moshi. Kwa asiyejua, maziwa ya ngamia hayawekwi kwenye chombo kikavu hivi hivi. Unachukua kijiti cha mti unaoutaka, unakichoma mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza ndani ya dhiil, unafunika na kutikisa, unatoa, unapangusa majivu kwa ufagio mdogo wa nyuzi, kisha unarudia mpaka kuta za ndani zinyonye moshi. Hapo ndipo maziwa yanapoingia, na moshi ule ndio unaoyalinda na kuyapa jina. Siku ya pili tu baada ya kufika niliosha dhiil kwa sabuni. Nilitaka kuonyesha kwamba nimesoma. Habaryar alikinusa chombo kile, akakitundika uani peke yake kama mgonjwa, na kwa muda wa wiki tatu kila mgeni aliyeuliza kwa nini kiko nje alijibiwa, "Msichana ya shule ameogesha." Baada ya hapo nilijifunza haraka. Nilijifunza kwamba mgunga hutoa moshi mkali unaokaa kooni. Mareer, mti mdogo wenye matunda mekundu, moshi wake ni mpole, una utamu kwa mbali. Ejersa, ambao ni mzeituni wa mwituni, haupatikani kwetu chini. Huletwa kutoka milimani, na moshi wake ni mzito na hauondoki ulimini upesi.

Muziki uliingia kwa ugomvi. Adeer Kaariye alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, aliyeijua barabara ya Elwak shimo kwa shimo, na alikuwa mpigaji wa kaban, udi wetu wa Kisomali. Hakuwa ndugu yetu, ila nilimwita adeer, yaani ami, kwa heshima ya umri. Alikuja kila Alhamisi kunywa maziwa, na kwa kuwa kwake mkewe hakutaka kelele, aliichukua kaban yake na kuipiga pale pale sebuleni, zile nyimbo za zamani za mapenzi tunazoziita qaraami. Siku moja akaacha katikati ya wimbo, akakiweka kikombe chini. Walisemeshana kwa Kiswahili maana kulikuwa na wateja wasiojua Kisomali, na Kiswahili chao, chenye b palipo na p, nakiandika kama walivyokisema.

"Dahabo," alisema, "hii maziwa yako inabigana na wimbo yangu."

"Maziwa haina makosa," Habaryar akajibu. "Wimbo yako ndio nyebesi."

"Si nyebesi. Ni taratibu. Mimi nataka kuingia bole bole, lakini hii moshi imefika mbele yangu, imekaa, imekunja miguu."

Ilikuwa mgunga, nami ndiye niliyeufukiza, na nilikuwa nimeuzidisha. Mtu mwingine angemwambia achukue kaban yake aende. Habaryar aliondoka, akarudi na finjani ya maziwa ya mareer. Adeer Kaariye akapiga funda, akayaacha mdomoni, akaanza upya. Alipomaliza ubeti wa kwanza wa wimbo akameza. Chumba kizima kilikuwa kikimtazama. "Sasa?" Habaryar aliuliza. "Sasa tunaelewana," akasema, na akaendelea mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Alhamisi iliyofuata Habaryar alikuwa na swali lake tayari: kama mareer ni ya qaraami, je, mgunga ni wa nini? Ndipo aliponiita mbele ya watu. "Saadia, leta ile mbao yako yenye nyuzi. Unafikiri mimi nafagia chini ya kitanda nikifunga macho?"

Nikaileta. Nilipiga wimbo wa harusi, wa haraka, na Adeer Kaariye akanifuata kwa kupiga tumbo la kaban kwa vidole. Wateja walikunywa mgunga, na mama mmoja muuza nguo akasema huo moshi sasa unacheza. Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo, na nimepewa vyeti kadhaa. Ejersa tuliukosea majuma mengi. Tuliujaribu na kaban, tukaujaribu na fidla, haukukubali, mpaka siku Guyo, Mborana ambaye kwao ni milimani kaskazini ya Wajir, na ambaye alituletea kuni hizo kutoka stendi ya malori kwa punda wake, alipochoka kutusikiliza tukibishana. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Alitoa filimbi ya mwanzi kiunoni. "Hii mti iko ya kwetu," alisema. "Nyinyi mnaiimbia lugha haijui." Alipiga wimbo usio na haraka yoyote, sauti ya chini chini. Habaryar alikuwa amempa kila mtu suusac, maziwa yaliyoganda na kuchachuka ndani ya dhiil ya ejersa, na ule uchachu ukakutana na filimbi mahali fulani nyuma ya koo. Naona haya kueleza zaidi. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na habari ikaenea mjini. Walikuja wauguzi, walimu, wenye maduka, maafisa wa kutoka bara, upande wa Nairobi, waliochoshwa na jioni za Garissa. Viatu viliachwa mlangoni. Kila mtu alipewa finjani tatu ndogo na kipande kikavu cha anjera, ule mkate wetu mwembamba, cha kusafishia ulimi. Ulikunywa funda moja kabla ya wimbo na moja baada yake, na katikati ilikuwa ni kunyamaza. Habaryar aliweka masharti matatu na kuyatamka mwenyewe kila Alhamisi, amesimama, shali begani. La kwanza, hakuna mirungi, kwa sababu mtu mwenye majani shavuni hajui tofauti ya maziwa na rangi ya ukuta. Adeer Kaariye alilalamika mwezi mzima juu ya hilo na akatii. La pili, hakuna kula kitunguu tangu asubuhi, jambo lililonisikitisha mimi mtoto wa Rhamu. La tatu alilisema taratibu zaidi. "Hapa tunaongea moshi tu. Moshi ni yetu. Ngamia ni ya mwenyewe. Mtu asiulize hii maziwa ni ya ngamia ya nani."

Mimi nilielewa sharti la tatu kwa kichwa tu. Nilijua kwamba kwetu mtu anaweza kusamehe ukimwambia amezeeka, amenenepa au amepigwa na umaskini, lakini ukimwambia maziwa ya ngamia wake ni mabaya umemgusa yeye, baba yake na watu wake wote hadi kisimani. Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja, nao sijapona: siwezi kuona jambo halijaandikwa au halijasahihishwa nikakaa kimya. Ndiyo maana nikawa mwalimu. Kila Alhamisi wageni walisema "hii nzuri, ile nzuri" bila kujua wanasema nini, nami nikaumia. Siku moja tukawa tumealika watu wengi kuliko kawaida, na miongoni mwao, kwa mara ya kwanza, Haji Bishaar. Huyu alikuwa mzee mkavu mwenye ndevu za hina, na zaidi ya nusu ya maziwa ya Habaryar yalitoka kwenye zizi lake, yaliyobaki kwa Haji Noor. Bila yeye tungekuwa na maziwa ya kuuza asubuhi tu, na Alhamisi zingekuwa chumba kitupu chenye mikeka. Habaryar alimketisha mlangoni, penye upepo, mahali pa heshima. Nami uani, nikiwa nimejaa hekima, nilikata karatasi za daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu bora, na kubandika kila karatasi kwenye dhiil yake. Mareer, ngamia wa Haji Noor. Mgunga, ngamia wa Haji Bishaar. Habaryar alikuwa akiwasalimia wageni, hakuziona mpaka vyombo viko katikati ya chumba.

Tulikuwa na mhandisi wa visima kutoka bara, Bwana Kamau, mtu mchangamfu asiye na nia mbaya hata kidogo. Alionja, akasoma, akaonja tena, akafurahi kwamba hatimaye ana la kusema. "Haya ya Haji Noor ndiyo maziwa," alisema kwa sauti ya kusaidia. "Ya huyu Haji Bishaar ni mepesi, kama maji ya mchele." Upinde wangu ulikuwa tayari juu ya nyuzi. Bwana Kamau alitazama huku na huku, akauliza polepole kama amekosea mpangilio wa vikombe. Haji Bishaar aliiweka finjani yake sakafuni bila kuigonga, akainuka, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. "Dahabo," alisema, "kesho usitume mtu kwa maziwa." Akaenda. Guyo alijaribu kupiga filimbi ili watu wapate pa kutazama, lakini hata yeye aliacha. Wageni walipoondoka Habaryar alizibandua zile karatasi moja moja, akazikunja vizuri, akanipa mkononi. Alisema maneno mawili tu, "Umeandika jina," kisha akaenda kuosha finjani.

Wiki mbili zilipita bila muziki. Asubuhi tuliuza kidogo tulichopata kwa Haji Noor, na kufikia saa nne vyombo vilikuwa vitupu. Nilisikia, kupitia ukuta, Habaryar akimwambia Adeer Kaariye kwamba mwezi ukiisha hivi atanirudisha Rhamu kwa kuwa hana kazi ya kunipa, na kwamba si kwa hasira. Nilijilaza nikitazama dari. Sikuwa nikifikiria vitunguu. Nilifikiria kwamba sitawahi tena kusikia mtu akisema moshi unacheza, na kwamba nimekivunja kitu ambacho sikukiumba mimi. Asubuhi nilimwambia Habaryar nitakwenda kumwomba Haji Bishaar msamaha mwenyewe. Akanijibu kwamba yeye amekwisha kwenda mara mbili. "Anasema yeye hana neno. Anasema yeye ni mzee, anasahau. Lakini ngamia ndio ametukanwa, na ngamia hasahau. Anataka tuombe ngamia msamaha." Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa akitania. Ndani ya pembe ya jicho lake, hata hivyo, niliona kitu kama kicheko kinatafuta njia.

Tulikwenda wanne, baada ya swala ya alfajiri, kaban na fidla zimelazwa kwenye mkokoteni wa punda wa Guyo. Mvua ilikuwa imenyesha siku za nyuma na njia ilikuwa imechipua majani. Adeer Kaariye alikuwa na mpango. Wachungaji wetu huwaimbia ngamia wakiwanywesha kisimani, na ngamia aliyelelewa na wimbo huo anaujua kuliko jina lake. Basi tungempigia wimbo wa kisima, naye angetusamehe. Alinifundisha njiani, mimi nikiupiga kwa mdomo huku nikitembea. Haji Bishaar alitupokea kwa chai na hakutabasamu. Alituonyesha ngamia jike mrefu, mweupe kidogo, mwenye kengele ya mti shingoni. "Huyu ni Barwaaqo," alisema. "Yeye ndio maji ya mchele. Ongea na yeye."

Nikaegemeza fidla shingoni. Nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule mara nyingi tangu siku ile, na sijaona jicho lenye dharau kama lile la Barwaaqo. Nilipiga wimbo wa kisima jinsi nilivyofundishwa, Adeer Kaariye akinisaidia kwa kaban, na nilipofika katikati ngamia yule aligeuka, akatuonyesha mkia, akaenda zake kwenye kichaka. Ndama wake akamfuata. Habaryar alifunika mdomo kwa shali. Haji Bishaar alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani amefundisha wewe hiyo?" aliniuliza.

"Adeer Kaariye," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Kaariye, hiyo wimbo ni ya wabi?"

"Ya Elwak," Adeer Kaariye akajibu kwa sauti ndogo. "Nilisikia hapo kwa kisima, nikitengeneza lori."

"Unaletea ngamia yangu wimbo ya kisima ya watu ingine. Hii yangu hajawahi kunywa Elwak hata siku moja." Alitazama kichakani. Nadhani alitaka kutufukuza, lakini wimbo ulioimbwa vibaya ulikuwa umemkwama na asingeweza kuuacha hivyo. Ugonjwa huo ninaujua. Akakohoa, akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa na kutu, na maneno yake yalikuwa machache: wewe mwenye miguu mirefu, kisima ni chako, kunywa bila haraka, nimekaa hapa. Aliyarudia. Mara ya tatu Guyo akaingia na filimbi chini yake, nami nikaokota sauti na kuifuata kwa upinde, safari hii bila kujionyesha. Barwaaqo alirudi. Alikuja hatua kwa hatua, kengele ikigonga, akasimama mbele ya mzee na kupanua miguu ya nyuma. Haji Bishaar alichukua dhiil, akasimama kwa mguu mmoja, akaegemeza chombo kwenye paja la mguu alioukunja, na akakama huku anaimba, ndama akinyonya upande wake. Hatukuacha kupiga mpaka povu lilipofika ukingoni.

Akanipa mimi kwanza. Yalikuwa ya moto, bila moshi wowote, povu likanishika pua. "Sasa sema," alisema. "Ni nyebesi?" Wote walinitazama. Adeer Kaariye alinitikisia kichwa taratibu, akinisihi. Lakini mimi ni mimi. "Ndiyo, Haji," nikasema. "Ni mepesi. Lakini ni matamu." Nilisikia Habaryar akivuta pumzi. Mzee alichukua dhiil kutoka mikononi mwangu, akanywa, akayazungusha mdomoni kama tulivyokuwa tukiwafundisha wageni, akameza. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichomlazimu ashike mgongo wa ngamia. "Mfua imenyesha, amekunywa maji mingi," alisema. "Ni nyebesi kweli. Dahabo, hii msichana hajui kudanganya. Utafanya nini na yeye?" Habaryar akasema hajui, atanipeleka ualimu.

Alhamisi iliyofuata Haji Bishaar alileta maziwa mwenyewe. Alikaa mlangoni, penye upepo, na ulipofika mwisho wa alasiri tulimimina maziwa yake peke yake, yaliyofukizwa kwa mgunga kidogo sana, naye akayaimbia wimbo wake. Ukawa ndio wimbo wa kufungia. Bwana Kamau alirudi, akaomba radhi mara nyingi mno, na akawa mteja wa kila juma. Tulimaliza mwaka hivyo, kwa kucheka sana. Nilipokwenda chuoni Habaryar alinifungia kwenye sanduku vijiti vya miti yote mitatu, na mwenzangu wa bweni alidhani ni miswaki.

Juzi, basi, walikuja. Adeer Kaariye ameletwa na mwanawe kutoka Elwak. Ana vidole vigumu, anatumia viwili, na anasema hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi tangu zamani. Guyo ana mvi kichwa kizima na maneno yake hayajaongezeka. Haji Bishaar alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, tukamsomea dua kabla ya kukaa. Guyo alikuwa amefunga ejersa kwenye gazeti, akaisahau kwenye gari la abiria lililomleta, na kwenye ukuta wa nyuma imebaki dhiil moja. Zingine zimepasuka na biashara siku hizi ni jerikeni. Nilikifukiza chombo hicho kwa mgunga uani, peke yangu, nikiwa na haya ya mtu anayepanga ulaghai. Nikamimina maziwa hayo hayo kwenye finjani nne. Habaryar alikuwa kwenye mkeka wake, shali begani. "Sitaki," alisema. Nikamwambia si lazima anywe, ashike tu mdomoni mpaka wimbo uanze, halafu ateme akitaka. Hilo lilimfurahisha kidogo.

Adeer Kaariye akapiga qaraami kwa vidole viwili. Habaryar alifumba macho. Nilitazama koo lake, na likameza. "Mareer," alisema. Nikapiga wimbo wa harusi, haraka kadiri ya mabega yangu ya sasa, na finjani ya pili ikaisha. "Mgunga. Aliyefukiza anajua kazi." Guyo akatoa filimbi. Habaryar alikunywa kwa mafunda madogo, akajilamba mdomo wa juu, akasema, "Ejersa. Guyo, Mungu akubariki, umeleta." Guyo aliitazama filimbi yake, macho yamelowa. Kisha tukapiga wimbo wa Haji Bishaar, sote watatu, na maneno nikayaimba mimi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Habaryar alimaliza finjani ya nne, akaipindua kuona kama imebaki tone. "Na hii ni ya Haji Bishaar," alisema. "Nyebesi." Tulicheka kwa sauti hata jirani akachungulia dirishani.

Wakati huo ugonjwa wangu ukanipanda. Nilimwona amekaa pale, uso umenyooka, na sikuweza kuvumilia kwamba furaha hiyo imejengwa juu ya uongo wangu. Nikaweka fidla magotini.

"Habaryar," nikasema, "lazima nikuambie kitu. Haya maziwa—"

"Dhiil ni moja," alisema. "Harufu ndio imeniacha, macho iko. Nimekuona ukimimina." Alinyoosha finjani yake kwangu, mkono umetulia kabisa. "Sasa wacha kunisahihisha, Saadia. Jaza hii, ubige ile ya mwisho tena."